Pikapu la Mama Nuru Lilipogoma Kuwaka

Tulipomzika Fundi Shekue, aliyenifundisha ufundi wa magari, rafiki yangu Hoza alipanda basi kutoka Morogoro akafika Lushoto udongo ukiwa bado mbichi juu ya kaburi. Tulikuwa hatujaonana miaka mingi, na nilimtambua kwa kikohozi chake kabla ya sura. Jioni tukakaa matanga katika chumba cha mbele cha marehemu, migongo ukutani, vijana wa gereji wamejazana mlangoni, sinia la wali na maharage likazunguka. Watu wakitoka kuzika huwa na njaa ya chakula na ya maneno pia. Hoza, ambaye hajawahi kuacha sinia wala masikio ya watu yakae bure, akaanza: "Nyie vijana, mnajua huyu mzee wenu Athumani aliwahi kumfokea Mama Nuru uani kwake, shangazi mtu akisikia?" Vijana wakacheka hata hadithi haijaanza. Akawasimulia habari ya pikapu lililopiga stata bila kuwaka, akaiga sauti yangu, akaiga Mama Nuru alivyoruka kitini, na alipofika kwenye huko kufoka akanyamaza, akachota wali, akawaacha wacheke wanavyotaka.

Nami nilicheka. Hoza anasimulia vizuri kuliko nitakavyoandika mimi, na sisemi ni mwongo. Alikuwepo, na alichosema kilitokea. Ila alikatisha mahali pa kuchekesha, na watu wawili wakabaki wameonewa: Mama Nuru, na nadhani hata Hoza mwenyewe. Nina tabia ya kuandika kidogo kila siku, habari za mvua, wageni, gari lililonishinda. Shule niliishia darasa la saba, na mara nyingi naandika mstari kisha naufuta kwa kuwa sina hakika. Mwaka ule wa pikapu sikuwa na tabia hii, kwa hiyo haya yanatoka kichwani, na kichwa cha mtu humpendelea mwenyewe. Nitajitahidi changu kisinipendelee.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili pale gerejini, chini ya soko, penye mikaratusi. Nililala kwenye chumba cha nyuma, kati ya gia boksi iliyosubiri vipuri na rundo la matairi, na harufu ya grisi iliniingia mpaka kwenye blanketi. Asubuhi za kipupwe ukungu uliingia kwa kupitia chini ya mlango kama mgeni asiyebisha hodi. Tulikunywa uji wa mahindi uliochachuka kwa ndimu, tukasimama kuuzunguka moto wa vipande vya mbao, na hapo ndipo Fundi Shekue alipofundisha. Hakufundisha mtu akiwa kazini. Akiwa kazini alitukana tu. Kwenye uji ndipo alikuwa mwalimu. "Gari linalopiga stata lakini haliwaki," alisema, "linakosa moja kati ya haya: mafuta, moto, au pumzi. Betri msiisingizie, betri ndiyo inayozungusha. Sasa mtajuaje linakosa nini? Kwanza uliza. Kisha nusa. Mwisho ndiyo ushike." Kijana mmoja akadakia, "Niulize gari, fundi?" Fundi akamtazama juu ya kikombe. "Muulize mwenye gari, punguani wewe. Yeye ndiye analala nalo." Tulicheka, lakini sikuuona uzito wa neno lile. Nilidhani kuuliza ni kwa mafundi wasiojua.

Mwaka huo huo nilikuwa nimempenda Nuru. Sitaandika mengi hapo, kwa sababu mwenyewe husoma ninayoandika; nitasema tu kwamba alikuwa akishuka sokoni na mama yake siku za gulio, akikaa juu ya magunia ya karoti nyuma ya pikapu, na kwamba kwao ni juu, upande wa Magamba, ambako ukungu hauna haraka ya kuondoka. Mama yake alikuwa mjane. Aliendesha pikapu lile mwenyewe, la petroli, la zamani, akipeleka kabichi na mapeasi Mombo, na hapakuwa na mwanamke mwingine njia nzima ya Soni aliyeshika usukani wa gari la mzigo. Watu walimwogopa kidogo. Nami nilimwogopa sana. Wazee walinipelekea posa, na Hoza, aliyekuwa fundi cherehani jirani na gereji, mwenye mke na maneno mazuri, akawa mdomo wangu. Jibu lilikuwa halijaja. Waliambiwa tu, "Tumesikia, tutatafakari," na Hoza alinieleza kuwa atakayeamua si wajomba wala baba wadogo, ni mama. "Akikubali yeye, wamekubali wote. Akikataa, rudi kwenye matairi yako."

Lazima nieleze desturi moja, maana vijana wa siku hizi hawaijui. Kwetu mtu na mama mkwe wake huepukana. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawasemezani ana kwa ana, na wakikutana njiani mmoja hupisha akaingia hata shambani kwa watu. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Usipoepukwa ujue hujahesabiwa. Hata wakati ule kwa wengi ilikuwa imelegea, na siwezi kusema Washambaa wote waliishika sawasawa. Lakini ukoo wa marehemu baba yake Nuru waliishika, na mlinzi wake alikuwa Shangazi Mwanaidi, dada wa marehemu, aliyekaa pale nyumbani. Tangu posa iingie alishatangaza: jibu bado, ila heshima inaanza leo.

Asubuhi moja ya ukungu ukaja ujumbe kwamba pikapu la Mama Nuru limegoma. Stata inapiga, injini inazunguka, haiwaki. Kabichi zimeshapakiwa, wanunuzi wako Mombo. Fundi Shekue alikuwa Tanga kufuata vipuri, na aliyebaki mwenye kujua injini ya petroli nilikuwa mimi. Nilijaribu kukataa. Nikafikiri: nikilishindwa gari lake, atasema huyu ataweza nini, na nikiliweza, itabidi kwanza nikaribie. Nikaenda kumgongea Hoza, naye akaacha suruali ya mtu kwenye cherehani ikiwa na mguu mmoja. "Twende," alisema. "Wewe fanya kwa mikono. Kusema niachie mimi."

Tulikuta pikapu limeegeshwa uani mbele ya jiko la nje, kabichi zimefungwa turubai. Mama Nuru alikuwa kwenye usukani, khanga imevutwa mpaka kwenye nyusi, akitazama mbele. Shangazi Mwanaidi alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko akimenya viazi, ila macho yake hayakuwa kwenye viazi. Hoza akamwamkia shikamoo, akamwamkia na Mama Nuru, kisha akapanda akaketi kiti cha pembeni. Mimi nikapita mbali, kwa mbele, nikafungua boneti, na boneti ile ikawa ukuta kati yetu. Kusema kweli nilishukuru kuwepo kwa ukuta huo.

Nikasema, "Hoza, mwambie mama apige stata." Hoza akasema, "Mama, kijana anaomba, ukiwa tayari." Stata ikapiga vizuri, injini ikazunguka kwa nguvu, hakuna kitu. Nikanusa: petroli imejaa kila mahali. Nikasikia pedali ikikanyagwa, pwa pwa pwa, na nikajua anaizamisha injini kwa mafuta. "Mwambie asikanyage mafuta." Hoza akakohoa. "Mama, kijana anasema, kama hutajali, mguu wako ungepumzika kidogo."

"Mguu wangu haujachoka," Mama Nuru akajibu. "Mwambie ashukuru." Na pedali ikaendelea.

Nikajaribu tena. "Muulize lilianza lini, na lilianzaje." Hoza akageuza, "Mama, kijana anaulizia hali ya gari kwa ujumla."

"Nzuri. Isipokuwa haliwaki."

Shangazi akacheka puani. Msomaji atasema, si ungepaza sauti ukauliza mwenyewe? Ningeweza. Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Lakini kumuuliza mama mkwe umefanya nini na gari lako ni kama kumwambia umeharibu wewe, na kumwambia acha hiki, fanya kile, ni kumwamrisha. Kwa hiyo nikaruka "uliza" nikaanzia kwenye "nusa", na pua ikanidanganya. Kwa kuwa mafuta yalizidi, nikaamua ubovu uko kwenye kabureta. Nikaifungua. Nikaisafisha juu ya gunia, kipande kimoja kimoja, na haikuwa na uchafu wa kuusingizia. Nuru alitoka mara moja na kikapu cha maganda, akapita bila kunitazama, akarudi bila kunitazama. Jikoni nikamsikia Shangazi: "Huyu ndiye fundi? Mbona anafungua kila kitu kama anatafuta pete iliyopotea?" Na sauti ya Nuru, chini kabisa, "Anatafuta, shangazi." Ilinipa nguvu, lakini haikunipa akili.

Hoza namtetea hapa. Aliyaremba maneno kwa kuwa aliogopa kuharibu posa aliyoipeleka kwa mdomo wake mwenyewe. Kila neno langu lilipita kwake likavuliwa viatu kabla ya kuingia ndani. Angelifikisha lilivyo, pengine tungefukuzwa mapema. Sijui.

Nilipomaliza kurudisha kabureta, nikaona mkanda wa feni umelegea, nikaingiza mkono kuupima. Nikasema, "Mwambie asubiri, asipige." Hoza akasema, kwa ile sauti yake ya asali, "Mama, kijana anasema usiwe na haraka, wakati wowote." Na Mama Nuru, ambaye kabichi zake zilikuwa zikinyauka, akaona wakati wenyewe ndio huo. Feni ikazunguka. Mkanda ukashika mkono wa sweta langu ukanivuta mpaka begani.

"Acha, mama!" nilipiga kelele. "Toa mkono kwenye funguo!"

Injini ikanyamaza. Sweta lilichanika, mkono ulikuwa mzima, umechubuka tu. Lakini kisu cha Shangazi kilisimama juu ya kiazi. Kisha nikamsikia akisema polepole, "Amemwamrisha. Mmesikia? Amemwamrisha mama." Hoza alikuwa amejifunika uso kwa viganja. Hapo ndipo hadithi yake ilipoishia kule matangani.

Mlango wa gari ukafunguka. Mama Nuru akashuka, akazunguka boneti, akasimama kando yangu, bega kwa bega, khanga imeteremka shingoni. Sikuwahi kumwona uso wake karibu hivyo. Alikuwa na kovu dogo kidevuni na macho ya mtu aliyeamka kabla ya jogoo. Akaushika mkono wangu, akaugeuza, akauachia. "Umepona?"

"Nimepona, mama."

"Basi niulize mimi. Huyo Hoza anatia sukari kwenye chai isiyo yake."

"Wifi!" Shangazi akaita. "Mkishasemezana hivyo hapa hakuna ukwe tena. Utakuwa umemkataa mbele yetu. Unajua?"

"Nimesikia, wifi," alijibu, bila kugeuka. Akanitazama. Nikaelewa kwamba jibu la posa yangu ndilo limesimama pale kando yangu na linanuka petroli. Lakini nilikuwa na swali, na maadamu nimeshapoteza, nikauliza.

"Mama, linakataa kila siku, au siku nyingine tu?"

"Siku nyingine. Mombo halijawahi kukataa. Linakataa hapa tu, asubuhi, ukungu ukiwa mzito. Jua likipiga boneti, huwaka lenyewe kama halijafanya kosa."

"Jana uliliosha?"

"Niliosha."

"Na injini?"

"Na injini. Marehemu alikuwa akiosha na injini. Alisema gari ni kama mtoto, huwezi kumwosha uso ukaacha shingo."

Basi. Sikuwa na la kufikiri tena. Nilifungua kifuniko cha distribyuta, kile kikombe cheusi kinachogawa moto kwenda kwenye plagi, nikakigeuza, na ndani kilikuwa kimetoka jasho. Nikakipeleka kwenye mwanga. Kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na kandokando yake njia nyeusi ulimopitia moto ukikimbilia kwenye maji badala ya kwenda kazini. Kule Mombo, chini tambarare, joto lilikuwa likiukausha. Huku kwetu unyevu ulikaa. Nimejitahidi kujipa sifa katika hili na sijaweza. Ubovu wa gari lile aliutambua yeye. Mimi nilifungua kifuniko.

Nikakifuta kwa pindo la khanga alilonipa, nikakianika kwenye ukingo wa jiko mpaka kikauka, nikaukwangua ufa kwa kisu cha viazi. Nikasema ningepata kitu cha kuuziba, nta au rangi, kingefika Mombo bila shida. Mama Nuru akaita kuelekea ndani, "Nuru! Ile rangi ya kucha unayodhani siijui, ilete." Kisha Nuru akatoka na kichupa chekundu kwenye kiganja, macho chini, na Shangazi akasema, "Salaale, nyumba hii leo imevuliwa nguo." Hata Mama Nuru alicheka, meno yakaonekana. Nikapaka ufa ule rangi ya kucha za Nuru. Injini ikawaka kwa pigo moja.

Kabla hajaondoka alinipa chakula, naye alinipa kwa mkono wake mwenyewe, bakuli moja la makande, tule mimi na Hoza, pale pale juu ya jiwe kando ya gurudumu. Hilo ndilo lililonimaliza. Anayetarajiwa kuwa mkwe hutandikiwa mkeka ndani na chakula huletwa na mtoto. Fundi hula alipofanyia kazi. Kutoka jikoni nikasikia, "Umemhudumia kwa mkono wako, umesimama naye kama kaka yako. Sasa posa ya watu utaijibu nini?" Na Mama Nuru, "Leo nilihitaji fundi, wifi." "Na kesho je?" Hapo alishaingia garini, akakanyaga mafuta, na jibu likaondoka na moshi.

Siku zilizofuata nilifanya kazi kama mtu aliyefiwa na asiyeruhusiwa kulia. Fundi Shekue aliporudi kutoka Tanga nilimweleza yote, tukiwa kwenye uji. Hakucheka. Alisema, "Uliuliza mwisho badala ya kwanza. Lakini uliuliza." Nikamwambia nimepoteza mke kwa ajili ya ufa. Akasema, "Ungekuwa unajua mapema nini kimepotea na nini hakijapotea, usingekuwa hapa kwangu, ungekuwa mganga," akaninyang'anya kikombe akanituma kufungua tairi. Mpaka leo napima jambo lile. Nilimchukia mama yule kwa siku kadhaa, na haikuwa haki. Alikuwa na mzigo unaonyauka na kijana aliyekaribia kukatwa mkono, na kati ya desturi na mkono wangu alichagua mkono. Mimi ningechagua nini? Nimejiuliza mara nyingi, na kila mara najibu haraka mno kiasi kwamba siliamini jibu langu.

Kisha siku moja ya gulio nikasikia pikapu lile likiteremka. Sauti yake niliijua kama kikohozi cha Hoza. Kwa kawaida aliingia nalo mpaka ndani ya uwanja wa gereji. Siku hiyo alilisimamisha nje kabisa, upande wa pili wa barabara, akashuka kwa mlango wa mbali. Nikatoka na kitambaa mkononi. "Shikamoo, mama." Hakuitika. Alivuta khanga ikafunika uso wote, akaacha njia, akapita nyuma ya mikaratusi, kwenye tope, viatu vikizama, akazunguka gereji nzima ili tu asipite niliposimama. Alitokea upande wa pili, akanipa mgongo, akamkabidhi Fundi Shekue funguo. "Kuna kifuniko kipya kimetoka Tanga," alimwambia kwa sauti ya kufika mbali. "Mwambie huyo aliyesimama hapo akifunge. Na mwambie gari linakohoa likipanda Soni."

Nikamwambia Fundi kwa kunong'ona, "Ananichukia kiasi hiki? Hata salamu?"

Fundi Shekue alinitazama, funguo zikining'inia kidoleni. Kisha akaanza kucheka, kwanza mabega, halafu tumbo, mpaka akaegemea nguzo. "Athumani, wewe punguani, mwanamke mzima anatembea kwenye tope akimkimbia nani? Siku ile alisimama nawe. Leo kakukimbia. Mimi nimefanya naye kazi miaka yote, hajawahi kunikimbia hata siku moja!"

Nikageuka. Alikuwa bado amesimama kule, mgongo kwetu, khanga imeshikwa chini ya kidevu kwa mikono yote miwili, akingoja kwa subira mimi nami nitimize upande wangu. Sikujua niende wapi. Nikakimbia nikavuka barabara, nikajitupa chini ya pikapu nikajificha mpaka nyayo. Kifuniko kinafungwa juu, kwenye injini. Mimi nilikuwa chali, nimelala kwenye changarawe nikitazama sufuria ya oili. Nikamsikia Fundi akija, akainama. "Unatafuta nini huko chini?" Nikashindwa kujibu, kwa kuwa ningefungua mdomo ningelia, na mama mkwe wangu angesikia sauti yangu.